Sikio Linalorudi: Mbwa, Matone na Swali Tunaloliruka



Kila masika inapoanza ukanda huu wa Pwani, mbwa wanaotikisa vichwa huongezeka. Mwenye mbwa huenda dukani, husema "sikio linanuka," hupewa kichupa cha matone. Baada ya wiki moja mbwa ametulia na kichupa kimewekwa dirishani. Miezi miwili baadaye sikio limerudi, linanuka kuliko mwanzo. Hununuliwa kichupa cha aina nyingine. Kikifika cha tatu, muuzaji na mnunuzi hukubaliana kwamba dawa imezoeleka.

Kuna nyakati maneno hayo ni kweli, nami nitayarudia. Lakini mara nyingi dawa ilifanya kazi yake vizuri kabisa: iliua bakteria na hamira waliokuwamo, kisha wakaja wengine kwa sababu kilichowaalika hakikuguswa. Hoja yangu leo ni hiyo. Sikio linalorudi mara kwa mara ni dalili ya ugonjwa mwingine, aghalabu wa ngozi, na hatutaumaliza mpaka tuuulizie.

Tuanze na sikio lenyewe. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka chini kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani hadi kwenye kiwambo, mfano wa herufi L. Ndiyo maana maji yakiingia hayatoki kirahisi, na ndiyo maana kijiti cha pamba kinachosukumwa ndani husindilia uchafu kwenye kona badala ya kuutoa. Kilichofunika mfereji huo ni ngozi ileile ya tumboni na kwapani, yenye tezi za mafuta na za nta. Sikio zima hujisafisha: ngozi ya juu husogea polepole kutoka kwenye kiwambo kwenda nje, ikibeba nta na vumbi. Ngozi ikivimba, safari hiyo husimama. Nta hulundikana, unyevu na joto huongezeka, na viumbe waliokuwa wakiishi hapo kwa uchache, hasa hamira aina ya Malassezia na bakteria aina ya Staphylococcus, huzaliana kupita kiasi. Hawa ndio tunaowanusa, na ndio tunaowapiga kwa matone.

Wataalamu wa ngozi za wanyama hufundisha kuyatenga mambo manne katika sikio sugu: chanzo chenyewe, viumbe wanaofuata baada ya chanzo, mazingira yanayorahisisha, na mabadiliko yanayozuia kupona. Mgawanyo huo ni wa darasani, lakini una faida moja kubwa: unatulazimisha kuandika kitu kwenye mstari wa kwanza wa kadi ya mgonjwa. Kadi nyingi ninazozipitia zina mstari wa pili tu: "usaha, hamira, apewe matone."

Chanzo kikubwa kuliko vyote kwa sikio linalorudi ni aleji. Inaweza kuwa aleji ya vitu vya mazingira, kama utitiri wa vumbi, ukungu na chavua, au aleji ya chakula. Ile ya mazingira kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3. Mwenye mbwa hatakwambia neno "aleji." Atasema mbwa anajiramba miguu usiku, anajisugua uso kwenye zulia, tumbo limekuwa jekundu, makwapa yamekuwa meusi. Au hatasema lolote usipomuuliza, maana yeye amekuja kwa ajili ya sikio. Wapo pia mbwa ambao aleji yao haionekani kokote ila masikioni. Hapa watu hupotea: wanadhani mbwa wa masikio ya kusimama, kama jamii ya German Shepherd, hana sababu ya kuugua. Masikio ya kulala huhifadhi unyevu, ni kweli, lakini German Shepherd ni miongoni mwa mbegu zinazosumbuliwa sana na aleji ya ngozi, na ndiye aliyejaa kwenye mageti yetu.

Kuitambua aleji ya chakula hakuhitaji mashine. Kunahitaji wiki 8 za nidhamu. Mbwa hupewa nyama ambayo hajawahi kuila pamoja na wanga mmoja, basi. Vyakula vinavyotajwa zaidi kuleta shida kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Na mbwa wa hapa kwetu amekula ng'ombe, vichwa vya kuku na dagaa tangu utotoni, kwa hiyo hivyo vyote havifai kwa jaribio. Sungura na viazi vitamu vinafaa, au mbuzi kama kweli hajawahi kumwonja. Baada ya wiki hizo mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi ndani ya siku chache hadi wiki mbili, umepata jibu. Jaribio hili likishindikana, mara nyingi limeshindikana jikoni: mtoto amedondosha chapati, mlinzi amegawana mchuzi wake, dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama imetolewa katikati. Mwenye nyumba ataapa kwamba hakuna kilichotolewa. Muulize dada wa kazi.

Wadudu nao wana nafasi yao. Kupe wa kahawia wa mbwa hupenda sana ndani ya sikio na katikati ya vidole. Utitiri wa sikio, Otodectes, huacha uchafu mkavu mweusi unaofanana na kahawa iliyosagwa, na huonekana zaidi kwa watoto wa mbwa na paka. Ukimtibu mbwa mmoja ukamwacha paka wa nyumba hiyohiyo, umefanya kazi ya bure, kwani utitiri huhama. Mzunguko wa maisha yake huchukua takriban wiki tatu, hivyo tiba ya siku tatu haifiki mbali.

Sikio moja tu likiugua huku la pili ni zima, shuku kitu kilichomo ndani. Mbegu ya nyasi huingia kwa mbwa anayezurura porini, na kwa mbwa mzee huenda ni uvimbe unaoota. Masikio yote mawili yakiugua pamoja, fikiria aleji kwanza. Si sheria isiyovunjika, ila huokoa muda. Mbwa wa makamo aliyenenepa, mvivu, mwenye manyoya yanayopukutika bila kuwashwa, apimwe tezi ya shingo.

Kuhusu mazingira yanayorahisisha nitasema moja, maana hili liko mikononi mwetu. Mbwa wengi wa ulinzi huogeshwa kila wiki kwa dawa ya kupe, na dawa hiyo humwagwa kuanzia kichwani. Maji yenye dawa huingia masikioni na kukaa humo. Kuoga baharini kila Jumapili hufanya vivyo hivyo. Anzeni shingoni kwenda nyuma, kichwa kifutwe kwa kitambaa, na masikio yakaushwe.

Sasa nije kwenye kifaa ninachokililia: hadubini. Chukua kijiti cha pamba, pitisha kwenye sehemu ya juu ya mfereji, kivingirishe kwenye slaidi, paka rangi ya maabara, tazama kwa lenzi ya mafuta ya hadubini. Kazi nzima haizidi dakika kumi. Hamira zinaonekana kama karanga yenye mbegu mbili. Bakteria wa mviringo ni habari ya kawaida, na matone mengi yanawaweza. Bakteria wa umbo la fimbo, wakiwa pamoja na chembe nyeupe za damu, ni habari mbaya: huenda ni Pseudomonas, na huyu ndiye anayeipa ukweli kauli ya "dawa imezoeleka," maana hukinza dawa nyingi na hujificha ndani ya utando wa ute. Hapo ndipo sampuli ipelekwe maabara kuoteshwa, na kiwambo kichunguzwe. Kuotesha kila sikio ni kupoteza fedha za mteja. Kutotazama slaidi hata moja ni kupoteza zaidi.

Bila slaidi, tunabahatisha. Mwenye hamira tupu anapewa antibayotiki asiyoihitaji, na bakteria waliokuwa wamekaa kimya kwenye ngozi yake wanafundishwa ukinzani. Mbwa huyo analala barazani na watoto wa nyumba.

Niseme pia juu ya vinavyomiminwa masikioni. Spiriti huunguza ngozi iliyochubuka. Mbwa atakayelia leo hatakubali kushikwa kesho. Mafuta ya taa ni sumu, na sina la kuongeza. Mafuta ya nazi hulainisha nta, lakini hayaui kilichomo wala hayakaushi. Matone ya macho na masikio ya binadamu yenye jentamisini yanauzwa kila kona, na hatari yake iko pale kiwambo kinapokuwa kimetoboka: dawa za kundi hilo zikifika sikio la ndani zinaweza kumwacha mbwa kiziwi au akipepesuka na kichwa kimeinama upande. Dawa ya kusafishia vidonda yenye klohekzidini nayo inaweza kuleta madhara hayohayo. Na sindano ya OTC (oksitetrasaiklini), ambayo tumeifanya dawa ya kila kitu, haina kazi kubwa hapa. Maambukizi yamekaa juu ya ngozi na ndani ya nta, ambako dawa ya damu hufika kidogo sana. Matone huweka juu ya ngozi hiyo nguvu ya dawa iliyo kubwa mara mamia kuliko sindano.

Matone yenyewe, yakitumiwa, yatumiwe kweli. Mfereji usafishwe kwanza, kwa sababu usaha hudhoofisha dawa kadhaa. Ukiwa umeziba kwa uvimbe, mbwa apewe prednisolone kwa siku chache chini ya usimamizi wa daktari ili njia ifunguke na maumivu yapungue, ndipo usafi ufuate. Vitone viwili kwa mbwa wa kilo 30 havifiki kwenye kona. Anahitaji nusu mililita hadi mililita moja kwa kila sikio, kisha shina la sikio likandwe mpaka usikie mlio wa majimaji. Siku 7 hadi 14, na tiba haikomi kwa sababu harufu imekata. Inakoma slaidi ya marudio ikiwa safi.

Nani anafanya yote haya? Tuwe wakweli. Katika nyumba nyingi za mjini, na hasa huku Pwani ambako wengi kwa sababu za dini au mazoea hawamshiki mbwa, mwenye mbwa hupokea maelekezo kwa simu, na anayeweka dawa ni mlinzi. Maelekezo yakiandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi iliyobaki ndani ya gari, mlinzi atafanya anavyoona. Mwiteni mlinzi kliniki. Mwacheni aweke dozi ya kwanza mbele yenu. Mfundisheni kufunga mdomo wa mbwa kwa kipande cha bendeji, kwa kuwa sikio bovu linauma na mbwa mpole huuma pia. Na kabla ya hayo yote, iulizwe kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa kipo nchini. Mbwa asiyechanjwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na udenda, aliyelegea taya au anayeyumba, asifunguliwe mdomo wala kushikwa sikio na mtu yeyote. Atengwe, na taarifa itolewe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Sikio likishapona, mwenye mbwa wa aleji aambiwe ukweli kwamba aleji haiponi, hudhibitiwa. Kusafisha mara moja au mbili kwa wiki kwa dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, kudhibiti kupe mwaka mzima, na kwa wengine matone ya steroidi peke yake, bila antibayotiki, mara mbili kwa wiki kama daktari atakavyoelekeza, huweza kumkalisha mbwa salama kwa muda mrefu. Wapo wateja wanaokasirika wakiambiwa hivyo. Hukasirika zaidi wakigundua baadaye.

Tukichelewa, ngozi ya mfereji hunenepa, njia hubana, gegedu hugeuka mfupa, na maambukizi huvuka kiwambo kuingia sikio la kati, ambako matone ya dukani hayana kauli. Kinachobaki ni kuuondoa mfereji wote kwa upasuaji. Ni upasuaji mzito, karibu na neva ya uso, na madaktari wanaoufanya nchini ni wachache. Mbwa wengi waliofikia hapo hawaupati. Huishi na maumivu mpaka mwenye nyumba anapochoka.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa semina hii. Wenye maduka: mteja akija kununua kichupa cha pili kwa sikio lilelile ndani ya mwaka mmoja, msimuuzie kabla hajaleta karatasi ya daktari. Najua ni biashara, na najua duka la jirani litamuuzia. Ndiyo sababu nawaomba mkubaliane leo mkiwa wote humu ukumbini. Madaktari na maafisa mifugo: mwenye hadubini inayofanya kazi, na aliye tayari kuwasomea wenzake slaidi za masikio kutoka kata za jirani, aandike jina na namba yake kwa katibu kabla ya chakula cha mchana, ili orodha itoke na kila mshiriki akiondoka.