Dola Isiyosomeka: Niklaus Wirth, Uswisi na Programu Zinazotutawala



Tarehe 1 Januari 2024 yalitokea mambo mawili nchini Uswisi yasiyohusiana kwa lolote ila tarehe. Niklaus Wirth, muundaji wa lugha ya Pascal, alifariki akiwa na miaka 89. Siku hiyohiyo ilianza kutumika sheria ya shirikisho inayozitaka ofisi za serikali kuu kuweka hadharani msimbo wa programu ambazo ofisi hizo huzitengeneza au hutengenezewa. Jioni hii nayaunganisha kwa makusudi, kwa sababu naamini sheria ile haiwezi kutimiza lengo lake bila fikra za mzee yule.

Wengi wenu mliosoma kompyuta enzi za skrini nyeusi mlianza na Pascal, hata kama mmeshaisahau. Wirth aliitoa mwaka 1970, akiwa anafundisha katika chuo cha ETH mjini Zurich, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 1999. Mwaka 1984 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa fani yetu haina ya kuizidi. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1976, alipokwenda California kwenye maabara ya Xerox akakuta mashine iitwayo Alto: kompyuta ya mtu mmoja, yenye skrini ya picha na kipanya, wakati ambapo kompyuta nyingi zilikuwa mali ya idara nzima na watu wakipanga foleni. Akaitamani. Haikuwa inauzwa. Basi akarudi Zurich, akakusanya kikundi kidogo, wakaunda ya kwao, mashine na programu zake zote, wakaiita Lilith. Kibiashara haikufika mbali. Hilo halikumkosesha usingizi.

Baadaye yeye na mwenzake Jürg Gutknecht waliandika mfumo mzima wa uendeshaji, Oberon. Ndani yake mlikuwa na kihariri cha maandishi, kompaila, mawasiliano ya mtandao na madirisha ya skrini, na kiini chake chote hakikufika kilobaiti 200. Picha moja inayopigwa na simu iliyo mfukoni mwako sasa hivi ni kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Mwaka 1992 walichapisha kitabu kilichobeba maelezo ya mfumo pamoja na msimbo wake, kiasi kwamba mwanafunzi mwenye bidii anaweza kukaa nacho likizo moja akaelewa kompyuta yake kuanzia chini hadi juu. Mwaka 2013, akiwa na miaka 79, Wirth alikirudia kitabu kile. Prosesa aliyoitumia awali ilikuwa imekwisha kutoweka sokoni, kwa hiyo akasanifu ya kwake. Wastaafu wengine hulima maua.

Kuna watu wanaomwona Wirth kama mzee mgomvi aliyeuchukia wakati wake. Mimi nasema hawajamsoma. Mwaka 1995 aliandika makala fupi katika jarida la Computer akidai programu zipunguzwe unene. Ndani yake alikumbusha kwamba miaka 25 hivi kabla ya hapo kihariri cha maandishi kilitosha kwenye baiti 8,000, na kompaila kwenye kilobaiti 32. Akamnukuu mwenzake Martin Reiser, ambaye hoja yake ni kwamba programu hupata uzito upesi kuliko mashine zinavyopata kasi; hoja hiyo leo watu huiita sheria ya Wirth, ingawa mwenyewe alisema wazi si yake. Hapo ndipo wasomaji wengi huishia: kompyuta zinakwenda polepole, tumesikia.

Wanaoendelea kusoma hukuta jambo zito zaidi. Wirth anauliza ni nani anayefaidika na ugumu. Jibu lake ni kwamba mteja aliyeielewa bidhaa hana haja ya kupiga simu tena, ilhali mteja asiyeielewa hulipa mkataba wa huduma mwaka baada ya mwaka. Kumfanya mteja awe tegemezi kunalipa kuliko kumwelimisha. Alikuwa akizungumzia makampuni na wanunuzi, siasa hakuitaja. Lakini pale alipoandika mteja, mimi nasoma wizara, na baada ya wizara namsoma raia. Serikali isiyoielewa programu yake yenyewe haiwezi kumjibu raia anayeuliza kwa nini jina lake limekosekana kwenye daftari. Itampigia simu muuzaji.

Msinielewe vibaya: sikuja hapa kuisifu Uswisi kama pepo. Nchi hiyo iliwanyima wanawake kura ya kitaifa hadi mwaka 1971. Mwaka 1989 tume ya Bunge iliyokuwa ikichunguza suala jingine kabisa ilikuta kwamba polisi wa shirikisho walikuwa na kadi za siri zipatazo 900,000 za watu na vyama, katika nchi isiyofika watu milioni 7. Na pale Steinhausen, katika kantoni ya Zug, kampuni ya Crypto AG ilizifungia serikali zaidi ya 100 mbuzi kwenye gunia. Iliwauzia mashine za kuficha mawasiliano, wakiamini kwamba chapa ya Uswisi ni chapa ya kutofungamana na upande wowote. Kumbe tangu mwaka 1970 wenye kampuni walikuwa mashirika ya ujasusi ya Marekani na Ujerumani Magharibi, na mashine nyingi zilipunguzwa nguvu makusudi ili wao waweze kusoma. Muuzaji wake, Hans Bühler, alikamatwa Iran mwaka 1992 akakaa kizuizini miezi tisa, akihojiwa juu ya siri asiyoijua. Kampuni ilimlipia dola milioni moja ili aachiwe, kisha ikamfukuza kazi. Habari kamili ilitoka Februari 2020.

Fikirini hali ya Bühler. Alikuwa akiuza kifaa ambacho yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukijua undani wake, kwa wateja ambao nao hawakuwa na njia ya kukikagua. Uaminifu wote uliegemea jina la nchi. Kwa watu wenye historia kama hiyo, kuuliza kilichomo ndani ya programu ya serikali ni kumbukumbu tu, wala hakuhitaji falsafa.

Sasa nije kwenye kura, maana hapo ndipo mambo yalipoonekana waziwazi. Waswisi huitwa kupiga kura hadi mara nne kwa mwaka, na walio wengi hutuma karatasi zao kwa posta. Wanaoishi ng'ambo mara nyingi barua huwafikia siku zimekwisha, ndiyo maana tangu mwaka 2003, Geneva ilipoanza majaribio katika manispaa ya Anières, kumekuwa na hamu ya kura ya intaneti. Katika mfumo wa Posta ya Uswisi, mpigakura hupata kwanza karatasi kwa njia ya posta yenye namba za siri. Akishapiga kura kwenye kompyuta, skrini humwonyesha namba fulani. Akizilinganisha na za kwenye karatasi zikawiana, anajua kura yake imepokelewa kama alivyoitaka. Kisha kura zote, zikiwa bado zimefungwa kwa hesabu za fumbo, huchanganywa kama karata ili asijulikane nani kapiga ipi, na mfumo hutoa uthibitisho wa kihisabati kwamba katika kuchanganya huko hakuna karata iliyobadilishwa.

Mapema mwaka 2019 Posta iliweka hadharani msimbo wa mfumo huo, uliotengenezwa na kampuni ya Scytl ya Barcelona, ikawakaribisha wadukuzi wa dunia nzima waujaribu kwa zawadi. Wakaguzi rasmi walikuwa wameshaupitia. Machi mwaka huohuo watafiti watatu, Sarah Jamie Lewis, Olivier Pereira na Vanessa Teague, walionyesha kwamba ule uthibitisho wa kuchanganya ulikuwa na mlango wa nyuma wa kihisabati. Mtu aliye ndani, mwenye kuuendesha mfumo, angeweza kubadilisha kura na bado akatoa uthibitisho unaokubalika. Watafiti wengine wawili waliufikia mlango huohuo kwa njia yao. Posta ikasema kosa lile lilikwisha kutambuliwa mwaka 2017, ila mtengenezaji hakulirekebisha kikamilifu. Kabla mwezi haujaisha likapatikana kosa la pili, na hili liligusa mfumo uliokuwa tayari unatumika katika kantoni nne. Kura ya Mei ikafanyika katika kantoni hizo bila intaneti, na Julai mfumo ukawekwa kando. Uliorejea Juni 2023 ulikuwa umefanyiwa marekebisho makubwa, na kwa kantoni tatu tu.

Kuna neno moja la Lewis ambalo wengi walilipita. Alilalamika hadharani kwamba msimbo ule umetapakaa kwenye mamia ya faili, kiasi kwamba ni kazi ngumu kufuata jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wirth angetikisa kichwa. Hapa palikuwa na msimbo ulio wazi kisheria na uliofungwa kiuhalisia: kila mtu anaruhusiwa kuusoma, na ni wachache duniani wanaoweza. Bahati ilikuwa upande wa Waswisi kwamba wachache hao walijitokeza, tena kwa hiari yao. Demokrasia haipaswi kutegemea ratiba ya watafiti watatu.

Kitambulisho cha kidijitali kilifuata. Bunge lilipitisha sheria ambayo ingeyaachia makampuni binafsi kazi ya kukitoa, serikali ikibaki kuthibitisha taarifa tu. Katiba yao inaruhusu raia wakikusanya saini 50,000 ndani ya siku 100 waipeleke sheria yoyote mbele ya wananchi. Zikakusanywa. Tarehe 7 Machi 2021 asilimia 64.4 walisema hapana. Serikali ikarudi mezani na sheria nyingine: kitambulisho kitolewe na dola yenyewe, bure, kwa anayekitaka, na taarifa zikae kwenye simu ya mwenyewe. Septemba 2025 sheria hiyo ilipita kwa asilimia 50.4. Nusu ya wapigakura, kasoro kidogo, bado hawakuridhika. Naliona hilo ni jambo la afya. Na kabla hamjawapa taji la ulinzi wa faragha, kumbukeni kwamba mwaka 2016 watu haohao waliipitisha kwa asilimia 65.5 sheria iliyoiruhusu idara yao ya ujasusi kuchungulia mawasiliano yanayopita kwenye nyaya.

Sheria ya Januari 2024 ilizaliwa katika mabishano ya namna hii, na pia katika ugomvi mmoja wa kiofisi. Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikuwa imejitengenezea programu ya kushughulikia hukumu, ikaamua kuigawa bure kwa mahakama nyingine. Kampuni iliyokuwa ikiuza programu za aina hiyo ikalalamika kwamba dola inawaharibia soko. Wanasheria wakavutana kwa miaka. Mwishowe Bunge likageuza swali: badala ya kuuliza kama ofisi ya umma inaruhusiwa kuweka wazi msimbo wake, sheria sasa inaanza na wajibu wa kuuweka wazi, na ofisi ndiyo inayotakiwa kueleza kama usalama au haki za mtu mwingine zinazuia. Aliyelipia kwa kodi yake anaweza kuuchukua, kuutumia na kuurekebisha bila ada.

Kwetu hoja hii si ngeni. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamuru seva za uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe. Amri haikutekelezwa kikamilifu, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa sababu za kufuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba. Mwaka 2022 fomu za 34A, zinazobeba matokeo ya kila kituo cha kura, ziliwekwa kwenye tovuti, na mtu yeyote mwenye kikokotoo na subira aliweza kujumlisha. Fomu 34A ni karatasi moja. Inasomeka na wakala aliyeishia darasa la nane. Hiyo ndiyo sifa ambayo seva haikuwa nayo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kuweka msimbo wazi ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Nusu nyingine ni udogo, na udogo haumo kwenye sheria ya Uswisi wala kwenye zabuni za serikali nilizopata kuzisoma. Zabuni zetu huorodhesha kurasa kwa kurasa mambo ambayo mfumo lazima uyafanye. Haziulizi ni watu wangapi nchini wataweza kuusoma mfumo huo ukishakabidhiwa, wala ni sehemu zipi zingeachwa bila raia kupungukiwa na chochote. Wapo watakaoniambia kwamba mahitaji ya dola ya kisasa ni mengi, na Oberon ilikuwa mchezo wa wasomi. Kweli, mahitaji ni mengi. Lakini kuhesabu kura hakukuongezeka ugumu tangu babu zetu. Tulichoongeza ni kompyuta.

Nina ombi kwa kitivo cha sheria na idara ya kompyuta ya chuo hiki, ambao kwa miaka yote niliyokuwa hapa mmekuwa mkikutana kwenye mahafali tu. Ichukueni zabuni moja ya mfumo wa umma iliyotangazwa mwaka huu. Kaeni nayo pamoja muhula mmoja, wanafunzi wa pande zote mbili. Mwandike upya masharti yake, mkitaka msimbo uwe mali ya umma na uwe mdogo kiasi cha kukaguliwa na watu walioko humu nchini. Kisha myapeleke kwa Kamati ya Bunge inayohusika. Mkikosa majibu, nipeni nakala, nitaipeleka mwenyewe.