KUNUNUA PIKAPU KUUKUU
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo lililomo vinywani mwa wengi wetu kila mavuno yakaribiapo, nalo ni kununua pikapu iliyokwisha kutumika miaka mingi. Hatukusudii kumkataza mtu. Mtumishi mwenye ekari chache nyumbani kwao, ambaye kila mwaka sehemu ya mahindi yake huishia katika nauli ya magari ya watu, ana haki ya kutamani gari lake mwenyewe. Wala pikapu kuukuu si kitu cha kudharauliwa. Injini za dizeli za zamani hazina mitambo mingi ya umeme. Fundi wa mji mdogo aweza kuzifungua na kuzifunga, na vipuri vyake hupatikana.

Lakini yatupasa kukumbuka fedha hutoka wapi. Wengi wetu hununua kwa mkopo unaokatwa katika mshahara. Mtu akikopa kwa miezi 36, na gari likafa mwezi wa tano, mshahara utaendelea kukatwa miezi 31 kwa ajili ya chuma kilicholala chini ya mwembe, na huku watoto wanadaiwa ada.

Shauri letu ni moja: anunuaye gari kuukuu na anunue kwanza chesisi na karatasi, injini iwe ya pili, na rangi iwe ya mwisho. Wengi hufuata njia iliyo kinyume. Huvutwa na rangi, husikiliza mlio wa injini, kisha hulipa. Lakini injini mbovu yaweza kutengenezwa au kubadilishwa, na rangi hupakwa siku yoyote. Chesisi iliyooza ni shida kubwa kuiponya, na karatasi za uwongo haziponi kabisa.

Twaanza na chesisi. Pikapu imejengwa juu ya boriti mbili ndefu za chuma, nazo ndizo zichukuazo injini, kibanda cha dereva na mzigo. Adui yao ni kutu, na jina kubwa la kiwanda si kinga. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilifanya mapatano huko Marekani katika kesi ya wenye magari yapatayo milioni moja na nusu, ya aina za Tacoma, Tundra na Sequoia, ikakubali kuyakagua na kubadili chesisi zilizoliwa na kutu. Katika nchi za baridi barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula chuma. Kwetu sisi pikapu iliyobeba samaki wa pwani miaka kumi yaweza kuwa na ugonjwa uo huo.

Basi ingieni uvunguni mchana, mkiwa na tochi na nyundo ndogo. Gongeni boriti polepole toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito na kumwaga magamba. Tazameni sana mahali springi zinaposhikwa, kwa kuwa ndipo nyufa huanzia katika gari lililozidishiwa mizigo. Mkiona mahali palipochomelewa, ulizeni sababu. Mkiona lami nyeusi mpya imepakwa chini pote, msifurahi upesi. Yaweza kuwa ni sanda.

Sasa karatasi. Sisi ni watu wa majalada, na wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nambari ya chesisi imepigwa chapa juu ya chuma chenyewe. Isomeni kwa macho yenu, tarakimu kwa tarakimu, mkiilinganisha na kadi ya gari. Fanyeni vivyo hivyo kwa nambari ya injini. Kisha ulizeni: jina lililo katika kadi ni la nani? Kama si la muuzaji, ana hati gani ya kumruhusu kuuza? Kama mwenye gari amefariki, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, wala si mtoto mkubwa wala shemeji. Kama kadi imewekwa rehani kwa mkopo, deni lilipwe kwanza. Mapatano yaandikwe mbele ya wakili na mashahidi, fedha ipitie benki, na muuzaji afuatane nanyi mpaka jina libadilishwe katika Mamlaka ya Mapato.

Umri wa gari nao huchunguzwa. Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968, lakini katika Japani yenyewe iliachwa kuuzwa mwaka 2004, ikarudishwa mwaka 2017. Kwa hiyo mtu akiwaambia kuwa Hilux yake ni ya mwaka 2010 nayo ilitumika Japani, mwombeni ushahidi kabla ya kuendelea na maneno mengine.

Juu ya injini twasema machache. Fikeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma waweza kuwa maji yanayoingia ndani ya silinda. Oili iliyo kama chai ya maziwa imechanganyika na maji. Katika injini za Toyota za 2L, 3L na 5L ulizeni mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kwa sababu ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kama hakuna ajuaye, hesabuni kuwa haukubadilishwa.

Mwisho ni hesabu. Mwenye shilingi 15,000,000 asinunue gari la 15,000,000. Anunue la 12,000,000, na 3,000,000 zikae kando kwa matairi, breki, mkanda na yale yasiyoonekana. Tena akumbuke mafuta: gari liendalo kilometa 10 kwa lita, likienda kilometa 1,500 kwa mwezi, hunywa lita 150. Lita hizo zizidishwe kwa bei ya siku, na jumla ipimwe na mshahara uliosalia baada ya makato. Asiyeweza kulilisha gari na aendelee kulipa nauli bila aibu.

Tunaomba mkutano huu ukubali jambo moja: mwanachama asiende peke yake kununua gari. Wafuatane watatu, mmoja akague chini, mmoja asome karatasi, na mnunuzi mwenyewe ashike mfuko wake na kunyamaza. Watakayoyaona yaandikwe katika daftari la Chama, ili wengine wajue. Na muuzaji akisema kuwa wateja wengine wako njiani, mwacheni awauzie. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.