Kiatu cha Kukimbilia Nje ya Lami: Mazungumzo na Wanunuzi wa Tunduma



Mada niliyopewa ni uchaguzi wa viatu vya kukimbilia katika njia zisizo na lami. Wapo watakaoona kwamba tungetumia muda huu vizuri zaidi kwa kuzungumzia mizani za sokoni au mafuta ya kula, na mambo hayo yatapata siku yake. Lakini tazameni hali yetu. Mkimbiaji wa Tunduma akitoka nyumbani alfajiri, lami humwishia mapema. Ukiiacha barabara kuu iendayo Zambia, pamoja na foleni yake ya malori, zinazobaki ni njia za udongo: za kuelekea Mpemba, za kukatiza mashamba ya mahindi, na kwa wanaofika mbali zaidi, vijia vya mashamba ya kahawa huko Mbozi na miteremko ya Ileje. Kuanzia Novemba hadi Aprili njia hizo huwa tope. Mvua zikikatika huwa vumbi jembamba juu ya udongo uliokauka kama tofali. Kiatu kimoja hutakiwa kuhimili hali zote mbili, na mara nyingi hununuliwa kwa fedha ambazo nyumbani zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi nyingine. Mtu akikosea, fedha imekwenda, na pengine kifundo cha mguu nacho kimekwenda.

Nianze na soli, kwa kuwa anayeteleza hana nafasi ya kufikiria mengine. Mwaka 1935 Mwitaliano aliyeitwa Vitale Bramani alikuwa katika msafara wa kupanda milima ya Alps. Hali ya hewa ilichafuka na wenzake sita wakapoteza maisha. Viatu vyao, visivyofaa kwa mwamba wenye barafu, vilihesabiwa kuwa sehemu ya sababu. Mwaka 1937 Bramani alitoa soli ya mpira yenye meno makubwa, akaiita kwa Kiitaliano Carrarmato, yaani kifaru cha vita, maana ilifanana na minyororo ya kifaru. Kampuni yake, Vibram, ingalipo hadi leo, na soli nyingi za vilimani mnazoziona zimetundikwa vibandani zina asili katika wazo lile lile.

Meno ya soli yana kazi mbili: kuuma ardhi na kutema tope. Kazi ya pili husahaulika. Udongo wetu mwekundu ukilowa hunata, na meno yaliyosongamana hujaa udongo baada ya hatua chache, yakawa kama hayapo. Hapo mtu anakimbia juu ya tope lake mwenyewe. Kwa masika, chagua meno yaliyoachana, yenye kina cha milimita 5 au 6. Kwa kiangazi, juu ya ardhi ngumu, milimita 3 au 4 zinatosha, na meno mengi mafupi hukupa utulivu zaidi kuliko machache marefu. Kupima si kazi kubwa. Simamisha njiti ya kiberiti katikati ya meno, weka alama kwa ukucha mahali jino linapoishia, kisha ilinganishe na rula ya mtoto wa shule. Anayeweza kununua jozi moja tu, kama tulivyo wengi, achukue meno ya kati, ya milimita 4 hivi, na akubali kwamba mwezi wa pili atapunguza mwendo mteremkoni.

Mpira wenyewe nao una tabia zake. Mpira laini hushika vizuri jiwe lililolowa, lakini hulika upesi. Mpira mgumu hudumu, lakini juu ya jiwe la mtoni huteleza kama sabuni. Bonyeza jino kwa ukucha wa kidole gumba. Likikubali kidogo na kurudi, ni mpira mzuri. Lisipokubali kabisa, na soli ikawa inang'aa na kutoa mlio mkavu ukiigonga, huenda umeshika plastiki, hata kama juu kiatu kina rangi za kupendeza.

Hapa niseme jambo kwa walimu na wazazi wa wanamichezo. Njumu za mpira wa miguu zina meno, ndiyo, lakini zilibuniwa kwa ajili ya nyasi. Juu ya ardhi ngumu uzito wote wa mwili huangukia vijiti vichache, na nyayo huumia. Mtoto anayefanya mazoezi ya mbio ndefu kwa ajili ya UMISSETA asivalishwe njumu eti kwa sababu nazo ni viatu vya michezo.

Sasa tuje kwenye kipimo cha mguu, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wengi wetu tunajua namba yetu moja tuliyoibeba tangu shuleni. Namba hiyo haitoshi. Namba ya Ulaya, kama 41 au 42, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Namba ya Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi. Na namba ya Marekani hufuata hatua hiyo hiyo ya Uingereza lakini huanzia mahali pengine. Kwa hiyo kiatu cha kiume kilichoandikwa 8 ya Marekani kwa kawaida ni kidogo kwa karibu namba moja kuliko 8 ya Uingereza, na kwa viatu vya kike tofauti hufikia karibu namba mbili. Katika rundo la mitumba viatu vya mifumo yote mitatu vimelala pamoja, na muuzaji atakujibu tu kwamba ni nane.

Dawa yake ni sentimita. Jioni, baada ya kazi, weka karatasi sakafuni, kisigino kikiwa kimegusa ukuta. Simama wima, uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, kisha mtu mwingine apige mstari mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa watu wengine si kidole gumba bali ni kile cha pili. Pima kutoka ukutani hadi mstarini. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, maana ni wachache wenye miguu iliyolingana kabisa, kisha nunua kwa kipimo cha mguu mkubwa. Nasema jioni kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na mkimbiaji wa masafa humvimba zaidi. Kibandiko kilicho chini ya ulimi wa kiatu mara nyingi huonyesha pia urefu wa mguu kwa sentimita, kwa alama ya CM au JP. Soma alama hiyo kwanza, namba nyingine zifuate.

Hata hivyo kibandiko si mguu. Vaa viatu vyote viwili, pamoja na soksi utakazokimbilia, ukafunge kamba. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nafasi hiyo si anasa. Unapoteremka kilima, mguu husukumwa mbele kwa kila hatua, na kiatu kilichobana huyagonga makucha mpaka yanageuka meusi na kung'oka. Wanaoshuka kutoka Ileje na gunia kichwani wanayajua maumivu hayo bila kuwa wakimbiaji. Pale penye upana wa nyayo, nyuma kidogo ya vidole, kiatu kikumbatie bila kuminya. Ukiona kitambaa kimetuna pembeni, kiatu ni chembamba kwako, na kuongeza namba hakutakusaidia sana, kwa kuwa utapata urefu usiouhitaji. Tafuta umbo jingine. Kisigino nacho kisipande na kushuka ndani, maana msuguano huo ndio mzazi wa malengelenge. Kabla ya kukikataa kiatu kwa sababu hiyo, pitisha kamba katika tundu la mwisho la juu, ambalo wengi huliacha wazi, kisha ukaze. Mara nyingi kisigino hutulia.

Omba ruhusa utembee. Kama kuna ngazi au ukingo wa mtaro, shuka ukiwa umevaa viatu, kisha geuka ghafla kushoto na kulia. Muuzaji mwaminifu hatakunyima dakika tatu. Anayekataa kwa kusema kiatu kitatanuka ukikivaa, mwamini kwa ngozi ya viatu vya ofisini. Raba za siku hizi za nyuzi za plastiki hutanuka kidogo sana.

Kuhusu raha ya mguu, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa kupita kiasi. Ulaini unaousikia dukani si ahadi ya kilomita ya kumi. Kiatu chenye sponji nene na laini hupendeza katika njia iliyonyooka, ila juu ya mawe na visiki huyumba, na kifundo hugeuka. Kunja kiatu kwa mikono: kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama chapati, hakina uti. Wala msihangaike sana na vile vinavyotangazwa kwamba maji hayaingii. Kwenye mvua za kwetu maji huingilia juu, kifundoni, na yakishaingia kwenye kiatu cha namna hiyo hayana pa kutokea. Wavu wa kawaida hulowa, lakini hukimbia ukikauka.

Yupo atakayesema kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli. Alikimbia katika barabara za mji, na mwaka 1964 huko Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu. Wala siwadharau wanaokimbia na katambuga. Mpira wa tairi ni imara kuliko soli nyingi za dukani, ila hauna meno ya kutosha, na kamba zake hazimshiki mtu anapoteremka kwa kasi.

Nije kwenye mitumba, maana tukisema ukweli huko ndiko wengi wetu tunakonunua, na si jambo la aibu. Kiatu kizuri kilichotumika kidogo chaweza kuwa bora kuliko kipya cha bandia kwa bei ile ile. Watu husema rahisi ni ghali. Si kila mara. Ghali ni kile ambacho hukukikagua. Weka jozi juu ya meza iliyonyooka na uitazame kwa nyuma: kiatu kikiinamia ndani au nje, kimeshika mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na kitaulazimisha mguu wako uufuate. Toa soli ya ndani uone kama kuna shimo la kisigino. Bonyeza sponji kwa pembeni. Iliyokufa huwa na mikunjo midogo mingi na hairudi. Viatu vingi vya mbio huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, na hujui mwenzako aliyekuwa ng'ambo alikimbia ngapi.

Kuna hatari moja isiyoonekana. Sponji za polyurethane huharibika kwa unyevu na umri hata kama kiatu hakijavaliwa kamwe. Ndiyo maana mtu hununua jozi inayong'aa, akakimbia nayo siku mbili, na soli ikamomonyoka kama mkate mkavu. Kwara sponji kwa ukucha karibu na kisigino, kisha ukunje kiatu kwa nguvu mara kumi mbele ya muuzaji. Ikidondosha unga au ikipasuka, rudisha. Soli iliyoachia gundi tu ni jambo jingine. Fundi viatu hodari huishona, na hiyo ni hoja nzuri ya kuombea punguzo.

Kwa viatu vinavyouzwa kuwa vipya, linganisha vibandiko vya kulia na kushoto: namba na alama za toleo zinapaswa kufanana, na kufanana pia na boksi. Tazama tahajia ya jina la kampuni, ukubwa wa mshono, na gundi iliyomwagika. Jina kubwa kwa bei ya ajabu linahitaji maelezo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora au asili ya bidhaa. Ukiambiwa kiatu ni halisi, omba neno hilo liandikwe kwenye risiti, pamoja na aina na namba yake. Wengi hubadili kauli hapo hapo, nawe utakuwa umejifunza kitu bila kulipa. Ukidanganywa, rudi kwanza kwa muuzaji na risiti na kiatu. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Anayevuka kwenda kununua Nakonde akumbuke kwamba ununuzi wake uko chini ya sheria za Zambia, ambayo ina tume yake ya kulinda wanunuzi, na kwamba kurudisha jozi kutampasa avuke mpaka tena. Kwa hiyo ukaguzi wote niliousema aufanye kabla ya kutoa kwacha zake.

Karatasi na rula ziko hapo mezani, na ukuta tunao. Anayetaka kujua sentimita zake apite sasa, kabla ya maswali, na apime miguu yote miwili.