Maji ya Alhamisi, Nguo za Jumamosi

Mazungumzo haya yalitolewa na mwelimishaji afya wetu kwa vijana wa Zagayu, mkoani Simiyu (zamani Bariadi, mkoa wa Shinyanga). Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.

   

Najua mlivyoniona na begi langu mkasema, "Huyo dada wa afya kaja tena na kondomu zake." Leo hapana. Leo nimekuja kuzungumzia kufua nguo. Naona huku nyuma kuna kaka anacheka, anajiuliza kama kufua nako kunahitaji mtu aliyesoma chuo kikuu. Ngoja kidogo, kaka. Kwanza nikusimulie yangu.

Nilikuwa na miaka 13. Kila Jumamosi mimi na binamu zangu tulijitwika mabeseni tukaenda kufua lamboni. Tuliingia majini mpaka magotini, tukafua juu ya mawe, tukaanika nguo kwenye majani, na wakati zinakauka tukaogelea. Jamani, ilikuwa raha. Habari zote za kijiji tulizipata kule.

Siku moja nikaona damu mwishoni mwa mkojo. Nikajua nimevunja ungo. Lakini damu ilikuja kila siku, ilikuja wakati wa kukojoa tu, na ilikuwa inachoma. Nikanyamaza, maana nilidhani nikisema nitaulizwa nimelala na nani. Kumbe kaka yangu naye alikuwa anakojoa damu, ila yeye alijitapa kwa wenzake kwamba sasa amekuwa mwanaume. Mimi kimya, yeye kelele, na wote wawili tulikuwa wagonjwa wa kichocho.

Shangazi ndiye aliyegundua, akatupeleka zahanati. Mkojo ukapimwa kwa darubini, mayai ya minyoo yakaonekana, tukapewa vidonge vya Praziquantel. Tukapona. Na Jumamosi iliyofuata tukachukua mabeseni yetu, tukarudi lamboni. Mwaka uliofuata damu ikarudi. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Sisi ndio hatukuhama mahali pa kufulia.

KICHOCHO KINAVYOZUNGUKA

Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya minyoo hutoka na mkojo. Yakishafika majini huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humtafuta konokono wa majini, kinaingia mwilini mwake na kuzaliana. Baada ya wiki kadhaa konokono yule huanza kutoa vijidudu vingine kwa wingi kila siku, vidogo mno, huvioni kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda. Dakika chache tu majini zinatosha. Na hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, saa zile zile ambazo sisi tuko majini tunafua.

Ndani ya mwili minyoo hukomaa na kukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Inaweza kuishi humo miaka mingi, na mayai yake ndiyo yanayoumiza. Huharibu kibofu na hata figo. Kwa msichana mayai hukaa pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, maumivu, kutoka damu, na wengine hushindwa kupata mtoto. Vidonda hivyo vinaweza pia kurahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Na ubaya mwingine ni huu: watu wakiona dalili zile husema binti ni malaya, kumbe alichofanya ni kufua mashuka ya familia nzima.

Sasa umeelewa kwa nini nazungumzia kufua? Vidonge vinaua minyoo iliyomo mwilini leo. Havikukingi na ya kesho. Nusu ya pili ya dawa ni kuwa na mahali pa kufulia nyumbani.

MAHALI PENYEWE

Wengine mtasema, "Dada, nyumbani hatuna bomba." Sawa. Mahali pa kufulia nyumbani hapahitaji bomba. Panahitaji mpango.

Maji. Kama kuna bomba au kisima cha pampu, chota huko. Kama ni lambo tu, basi shika msemo huu: maji ya Alhamisi, nguo za Jumamosi. Vile vijidudu vya kichocho visipopata mtu wa kumwingia hufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo teka maji Alhamisi asubuhi, yachuje kwa kitambaa ili konokono asiingie, yafunike mbu wasitage, yaache mpaka Jumamosi asubuhi. Hapo yanafaa kufulia na kuogea. Ya kunywa lazima uyachemshe. Na unapoteka usiingie majini: simama juu ya jiwe au ubao utupe ndoo yenye kamba, au vaa buti za mpira.

Eneo. Chagua sehemu inayopata jua, mbali na zizi na jiko, na upande wa chini wa kisima kama mna kisima. Panga mawe bapa au matofali ili usisimame kwenye tope. Beseni liweke juu ya matofali au kichanja, lifike karibu na kiuno. Mama zetu wanaumwa migongo kwa sababu ya kuinama saa tatu nzima, halafu tunasema ni uzee.

Maji machafu. Chimba shimo la kina cha kama mita moja, lijaze mawe na kokoto, maji yaelekee humo. Yakituama uwanjani utafuga mbu na watoto watayachezea.

Kamba. Simamisha nguzo mbili, funga kamba ya katani juu kiasi ambacho mbuzi hafiki. (Mnacheka, lakini nani hapa hajawahi kuliwa shati na mbuzi?) Usianike kwenye ua la minyaa: utomvu wake unawasha ngozi na ukiingia machoni ni hatari. Usianike chini wala kivulini pia. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia chini ya ngozi, likatoka kama jipu. Jua kali na pasi ya mkaa, ndani na nje ya nguo, ndiyo dawa.

Utaratibu. Maji ni machache, kwa hiyo anza na nguo nyeupe, kisha za rangi, mwisho za shamba. Maji ya kusuuzia ya leo yafulie nguo za shamba. Yaliyobaki yasafishie sakafu ya choo. Nepi za mtoto kwanza kinyesi kimwagwe chooni, halafu zifuliwe peke yake.

Na hili ni letu sisi watu wa pamba: nguo ulizovaa kupulizia dawa zisichanganywe na nguo nyingine hata siku moja. Zifue peke yake, siku ile ile, beseni lisuuzwe vizuri, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima wala lambo. Dumu lililokuwa na dawa ya pamba lisigeuzwe la maji hata ukilisugua kwa mchanga mara kumi.

Sabuni na jiki viwekwe juu, mtoto asifikie. Jiki ibaki kwenye chupa yake. Ukiihamishia kwenye chupa ya soda, mdogo wako atainywa akidhani ni soda.

KAMBA YA PILI

Wavulana, msiinamishe vichwa, hili nanyi linawahusu kwa dada zenu. Msichana anayetumia vitambaa vya hedhi anavifua usiku na kuvianika chini ya godoro ili mtu asione. Mimi pia nilifanya hivyo nikiwa bweni. Havikauki, vinanuka, vinaota ukungu, na ukivivaa unawashwa na kuchubuka.

Basi funga kamba fupi ya pili ndani ya ua wa bafu, mahali jua linapoingia. Viloweke kwenye maji baridi, maana ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa. Fua kwa sabuni, suuza, anika. Ukiona aibu, tandaza juu kanga nyepesi. Hakikisha vimekauka kabisa, kisha vihifadhi kwenye mfuko safi wa kitambaa.

MASWALI YENU

"Mbona bibi zetu walifua lamboni na wamezeeka salama?"
Wengine walizeeka, ndiyo. Wengine walikosa watoto wakaitwa tasa, wakarudishwa kwao, na hakuna aliyewapima mkojo. Ugonjwa huu ni wa zamani sana. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo hawa huko Cairo mwaka 1851, na mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza kwamba amekuta mayai yao kwenye figo za maiti za kale za Misri. Kuwa wa zamani hakuufanyi kuwa rafiki.

"Mvulana akifua si atachekwa?"
Atachekwa wiki ya kwanza. Halafu mwanajeshi anafua, mwanafunzi wa bweni anafua, hakuna anayewacheka. Tena kaka mwenye baiskeli anaweza kubeba madumu manne kwa safari moja. Dada yako anabeba moja kichwani. Sasa niambie, nani anafaa kupewa zamu ya maji ya Alhamisi?

"Nikifua nguo za mgonjwa wa UKIMWI nitaambukizwa?"
Kufua nguo zake pamoja na zako hakuambukizi. Kama zina damu au usaha, vaa glavu, ziloweke peke yake kwanza, kisha fua kwa sabuni na uanike juani. Usimtenge mgonjwa kwa sababu ya beseni.

"Nikimeza vidonge bila kupimwa?"
Nenda zahanati. Dozi inategemea uzito au kimo, na vinamezwa baada ya kula. Vikigawiwa shuleni, meza, usivifiche mfukoni. Nimeshawaona, msinidanganye!

KAZI YA WIKI HII

Sitaki mnipigie makofi. Nataka mambo matatu. Moja, leo jioni chagueni nyumbani mahali pa kufulia, muwaonyeshe wazazi kwa heshima. Mwambie, "Mama, naomba tujaribu Jumamosi moja tu." Mbili, tafuteni mawe na kamba. Tatu, Alhamisi asubuhi maji yawe ndani na yamefunikwa.

Tutaikosa ile raha ya lamboni, nakubali. Lakini habari za kijiji zinaweza kusimuliwa hata kwenye beseni uwanjani. Waiteni jirani, mfue pamoja kwa zamu, leo kwenu, kesho kwao.

Na kama hapa kuna mtu anayekojoa damu, awe binti au kijana wa kiume, asinyamaze kama mimi na asijisifu kama kaka yangu. Nitabaki hapa chini ya mti mpaka wa mwisho aondoke. Njoo hata kwa kusingizia umekuja kuniuliza saa.