Fedha za Wazee Wetu: Maneno kwa Kamati za Parokia, Nyamisati

 

Mfadhili wetu mmoja ameuliza kwa nini fungu la wazee lisinunue dawa mpya za ugonjwa wa Alzheimer. Swali ni jema, na ningependa kulijibu kabla hamjapiga kura.

Dawa hizo zipo. Marekani iliidhinisha lecanemab mwaka 2023, na donanemab mwaka 2024. Hazimponyi mgonjwa, hupunguza kasi ya ugonjwa, tena kwa aliye hatua za mwanzo tu. Kwanza apigwe picha za ubongo, apimwe na vinasaba, kwani mwenye nakala mbili za kinasaba cha APOE4 yumo katika hatari kubwa zaidi ya ubongo kuvimba au kuvuja damu. Ndiyo maana huko husema kila mgonjwa na tiba yake. Kwa mzee wa delta anayefika zahanati kwa mtumbwi, hayo yako mbali.

Lakini kumjua mgonjwa mmoja mmoja si lazima kuanze na vinasaba. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu wa miaka 70 na zaidi, wakakuta zaidi ya 6 katika kila 100 wana maradhi haya ya usahaulifu (taarifa ilitoka mwaka 2013). Baadaye wazee 34 wa huko walikutanishwa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki 7, kwa mazungumzo na shughuli za kuchangamsha akili. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba uwezo wao wa kufikiri uliongezeka. Hapakuwa na dawa ya kumeza.

Mama yangu alipoanza kupotea njia ya kisimani, tuliambiwa amerogwa. Tulimfungia ndani miezi mitatu. Alipopimwa hatimaye, presha ilikuwa juu na sikio moja halisikii. Kusahau hakukuisha, ila tulipoanza kukaa upande wa sikio zima, alirudi kutuita kwa majina.

Hapa petu, aliyekuwa nahodha wa majahazi ya Mafia apewe kamba afunge mafundo. Aliyelima mpunga apewe ungo apepete.

Naomba basi fungu hilo linunue mashine mbili za kupimia presha, lilipe nauli ya boti ya wanaowatembelea wazee, na chai ya vikao. Mwenyekiti, kura ni zenu.