Bei ya Yongbyon

Msikilizaji, katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2007 Marekani ilipata shida ya aina yake: ilitaka adui wake arudishiwe pesa zake, ikakosa benki ya kuzipitisha. Zilikuwa dola milioni 25 hivi, mali ya Korea Kaskazini, zimezuiwa katika benki ndogo ya Macau iitwayo Banco Delta Asia. Kwa dola kubwa iliyokuwa ikimwaga mabilioni vitani Iraq, hizo ni pesa za chai. Lakini kwa ajili ya pesa hizo mazungumzo ya nchi sita kuhusu mabomu ya nyuklia yalikwama Beijing. Mjumbe wa Pyongyang, Kim Kye Gwan, alisema pesa kwanza, maneno baadaye. Pesa hazikuonekana, naye akapanda ndege akarudi kwao.

Mambo yalifikaje huko? Tarehe 19 Septemba 2005, Korea mbili, Marekani, China, Japani na Urusi zilitoa tamko la pamoja mjini Beijing. Korea Kaskazini iliahidi kuachana na silaha zake zote za nyuklia na kurudi kwenye Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Marekani nayo ilitamka kwamba haina nia ya kuivamia. Ila siku nne tu kabla ya tamko hilo, Wizara ya Fedha ya Marekani ilikuwa imeitangaza benki ile ya Macau kuwa kitovu cha utakatishaji wa fedha. Wateja wakafurika kaunta kutoa akiba zao, mamlaka za Macau zikaingilia kati, na akaunti za Wakorea zikafungwa. Watu wa Wizara ya Fedha walikuwa na hoja zao, noti bandia za dola zikiwa mojawapo, na sidhani walikuwa wakizua. Tatizo ni kwamba aliyekaa Pyongyang hakuona wizara mbili zenye kazi mbili tofauti. Aliona serikali moja iliyompa ahadi huku ikimfungia akaunti. Tarehe 9 Oktoba 2006 akalipua bomu lake la kwanza.

Baada ya bomu, Washington ikakubali pesa zirudi. Sasa ikawa zamu ya mabenki kugoma. Nani azipokee fedha ambazo Wizara ya Fedha yenyewe iliwatisha watu wasiziguse? Mwishowe, Juni 2007, zilipitishwa njia ya kuzunguka dunia: kutoka Macau hadi benki ya Federal Reserve ya New York, kutoka hapo hadi Benki Kuu ya Urusi, kisha benki moja ya Khabarovsk, mashariki ya mbali ya Urusi, ndiyo ikawakabidhi wenyewe. Mwezi uliofuata kinu cha nyuklia cha Yongbyon kilizimwa.

Naieleza habari hii ya kihasibu kwa kirefu kwa sababu mjadala wa bomu la Korea Kaskazini hapa kwetu, na kwingineko, huwa wa tabia za watu. Wengine husema jamaa wale ni waongo wa kuzaliwa, kuzungumza nao ni kutwanga maji kwenye kinu. Wengine husema walichokosa ni msuluhishi mwenye subira. Mimi naona mazungumzo yalifaulu, tena zaidi ya mara moja. Kilichoshindikana ni malipo.

Turudi mwaka 1994. Wakati ule Korea Kaskazini ilikuwa imechomoa fimbo zipatazo 8,000 za fueli kutoka Yongbyon, fimbo ambazo zingeweza kutoa plutoniamu ya mabomu kadhaa. Serikali ya Bill Clinton ilikuwa ikipima uwezekano wa kukipiga kile kituo. Juni, rais mstaafu Jimmy Carter akaenda Pyongyang kuonana na mtawala wa nchi hiyo, mzee Kim Il Sung. Washauri wa Clinton walikuwa kikaoni Ikulu wakijadili kuongeza askari katika rasi ya Korea, simu ikaita: Carter anasema mzee amekubali kusimamisha, na yuko njiani kuitangazia dunia kupitia CNN. Ikulu ilikasirika, na mtu anaweza kuelewa kwa nini. Lakini vita havikupigwa. Kim Il Sung alifariki Julai, na hata hivyo mwanawe, Kim Jong Il, akaendelea na mazungumzo. Tarehe 21 Oktoba 1994 hati ikasainiwa Geneva.

Hati yenyewe ilisema hivi. Korea Kaskazini inazima kinu, inaacha ujenzi wa vinu vingine viwili vikubwa zaidi, na inawaruhusu wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakae palepale. Marekani itaongoza ujenzi wa vinu viwili vya umeme vya aina ambayo ni vigumu zaidi kuvigeuza kiwanda cha mabomu, mwaka wa kulenga ukiwa 2003, na mpaka vikamilike itapeleka tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka.

Upande mmoja ulitekelezwa mara moja. Kinu kilizimwa. Fimbo zile 8,000 zilifungwa ndani ya makopo, na mafundi wa Kimarekani walikuwepo wakisaidia kazi hiyo. Kamera ziliwekwa, milango ikapigwa lakiri. Vile vinu viwili vikubwa vilivyoachwa njiani havijakamilika hadi leo. Kwa miaka minane Yongbyon haikutoa plutoniamu mpya. Miaka minane, msikilizaji; sijui vita gani vingenunua muda huo kwa bei ya mafuta ya kuchomea.

Upande wa pili ulitekelezwa kwa kusuasua. Wiki tatu hazijatimia tangu saini ya Geneva, chama cha Republican kikashinda uchaguzi wa Bunge la Marekani, na bunge hilo halikuupenda mkataba hata kidogo. Fedha za mafuta zikawa za kubembeleza, meli zikachelewa. Gharama ya vinu, iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 4.6, iliangukia zaidi Korea Kusini na Japani. Zege la kwanza la msingi lilimwagwa Agosti 2002, mwaka mmoja kabla ya tarehe ambayo umeme ulitarajiwa kuwaka.

Hebu fikiria mtu anayeuza shamba. Hati anakabidhi leo, pesa anaahidiwa kwa awamu za miaka kumi, na kila baada ya uchaguzi anakuja mnunuzi mpya anayesema yule wa kwanza alipunjwa. Muuzaji wa namna hiyo, akiwa na akili timamu, ataficha nakala ya hati chini ya godoro.

Na Korea Kaskazini iliificha. Hapa sitaki kuitetea. Wakati Yongbyon imezimwa, ilikuwa ikinunua kwa siri mashine za kurutubisha urani kupitia mtandao wa mwanasayansi wa Pakistan, Abdul Qadeer Khan. Huo ulikuwa udanganyifu, hakuna jina jingine. Oktoba 2002 mjumbe wa George W. Bush, James Kelly, alikwenda Pyongyang kuwashtaki kwa hilo. Novemba mafuta yakakatwa. Desemba lakiri zikakatwa na wakaguzi wakafukuzwa. Januari 2003 nchi ikajitoa kwenye Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Kosa la kurutubisha urani lilikuwa la kweli. Jibu lake likafungua pia mlango wa plutoniamu, uliokuwa umefungwa. Ndani ya miaka minne wakawa na bomu, tena la plutoniamu ya Yongbyon ileile.

Kuna tukio jingine watu hulisimulia kwa kejeli. Juni 2008, baada ya zile pesa za Macau kufika, Korea Kaskazini iliulipua mnara wa zege wa kupozea wa Yongbyon mbele ya kamera za dunia. Ulikuwa mchezo mzuri wa televisheni, lakini mnara si kinu. Miezi michache baadaye pande zikavutana kuhusu nani akague nini, mwaka 2009 wakaguzi wakatimuliwa tena, na ilipofika 2013 kinu kikawashwa upya kwa kupozwa na maji ya mto. Waliocheka wana haki ya kucheka. Ila mwaka 2010, mwanasayansi wa Kimarekani Siegfried Hecker alipotembezwa hapo, alioneshwa ukumbi mpya wa kurutubisha urani, akaambiwa una mashine 2,000. Huo ndio uliokuwa ukijengwa kipindi ambacho hakukuwa na mkaguzi.

Halafu kuna Libya. Desemba 2003 Muammar Gaddafi alitangaza kuachana na mpango wake wa nyuklia, na mitambo ikasafirishwa hadi Marekani. Mwaka 2011 ndege za NATO zilishambulia majeshi yake, na mwezi Oktoba akauawa. Ndege za Magharibi zilipoanza tu kushambulia, Wizara ya Mambo ya Nje ya Pyongyang ilitoa taarifa ikisema Libya ilipokonywa silaha kwa hila. Unaweza kunieleza kwamba vita vya Libya vilikuwa na sababu zake, nami nitakusikiliza. Jaribu kumweleza Kim Jong Un, mtawala wa sasa wa Pyongyang. Mei 2018, mwezi mmoja kabla hajapeana mkono na Donald Trump kule Singapore, Trump huyohuyo aliiondoa Marekani kwenye makubaliano ya nyuklia na Iran, yaliyofikiwa na mtangulizi wake. Na mshauri wake wa usalama, John Bolton, alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba anafikiria mfano wa Libya. Hata mfanyabiashara wa sokoni asingemtajia mteja mfano huo.

Februari 2019 Kim alikwenda kukutana tena na Trump mjini Hanoi, akifika Vietnam kwa treni baada ya safari ya zaidi ya siku mbili kupitia China. Alitaka vikwazo vikuu vya Umoja wa Mataifa vya mwaka 2016 na 2017 viondolewe, naye atoe Yongbyon. Trump alitaka zaidi. Chakula cha mchana kilikuwa kimeandaliwa hoteli ya Metropole, hakikuliwa. Nakubali kwamba bei ya Kim ilikuwa juu, na Yongbyon haikuwa mali yake yote. Lakini bei hujadiliwa, na pale ilijadiliwa kwa siku mbili tu.

Tangu hapo meza imehama. Septemba 2022 Korea Kaskazini ilipitisha sheria inayojitangaza kuwa dola ya nyuklia. Machi 2024 Urusi ilipiga kura ya turufu na kulifuta jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililofuatilia vikwazo. Jopo hilo tulilijua hata huku: ndilo lililochunguza mahusiano ya kijeshi ya Tanzania na Uganda na Pyongyang, na Uganda ilitangaza kuyakata mwaka 2016, Rais Park Geun-hye wa Korea Kusini alipoitembelea. Sasa askari wa Korea Kaskazini wamepigana upande wa Urusi dhidi ya Ukraine katika jimbo la Kursk, na vikwazo havimbani Kim kama vilivyombana Hanoi.

Kwa hiyo atakayefuata kwenda Pyongyang asianze kwa kudai mabomu yote. Aanze na wakaguzi, ambao hawajakanyaga Yongbyon tangu Aprili 2009, na kwa hilo alipe papo hapo, kwa kitu ambacho bunge lijalo haliwezi kukirudisha. Na kabla hajapanda ndege, aende kwanza Wizara ya Fedha akaulize kama wana barua yoyote wanayotarajia kuituma wiki hiyo.