Ukumbusho wa ukutani
Maneno ya mwanachama mmoja kwenye mkutano wetu



Watu wanauliza: wamama wanaoshona vitambaa, mawazo yao wanayatoa wapi? Mimi nasema: mule mule munamouma.

Muangalie Lubumbashi. Miaka ya 1970 wachoraji wa kule walichora juu ya mifuko ya unga. Picha moja ilipendwa sana: wakati wa Wabeleji, mfungwa analala chini, anachapwa fimbo. Watu wa kawaida waliinunua, wakaitundika saloni. Picha za namna hiyo waliziita ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu yeye alichora historia ya inchi yetu, picha karibu 100, mwaka 1973 na 1974.

Mbona utundike fimbo nyumbani? Ni hivi: jambo likikaa kichwani, linakutawala. Likikaa ukutani, wewe ndiye unalitazama. Mgeni anauliza, unamusimulia.

Siye tuliorudi kutoka Nyarugusu tuna mambo ya hivyo. Mama asiyeweza kuyasema mbele ya watu anaweza kuyashona. Sindano hairudishe shamba lililochukuliwa, hapana. Lakini ukishona pamoja na wenzako, hauko tena peke yako na jambo lile.

Ndugu wafadhili, munatuombaga vitambaa vya maua, juu vinauzika. Sawa, tutashona. Ila nyuzi zitoshe pia kwa kitambaa kimoja ambacho kila mama atakibakiza kwake, ukutani.